Yule Aliyeitwa Edward

Katika daftari la mgonjwa la Bi Alice, ukurasa wa tarehe kumi na tano Februari, kuna mstari nilioandika kwa mkono wangu: "Mgonjwa amechanganyikiwa. Anataja majina ya watu wasiokuwepo." Chini yake nimetia sahihi, Vestine. Mstari ule ni uongo, na sahihi ile pia ni uongo. Naandika hapa yaliyokuwa kweli, kwa sababu mwenzangu aliyeyajua amekwisha kuzikwa.

Bi Alice alikuwa na miaka tisini na mmoja. Alifundisha hesabu maisha yake yote, na hata moyo ulipoanza kumchoka na miguu kujaa maji, hesabu haikumtoka. Aliniambia vimebaki vidonge vingapi kabla sijaifungua chupa. Macho ndiyo yaliyomwangusha. Katikati ya kila alichotazama aliona doa jeusi, hakuweza tena kusoma. Kwa hiyo mimi, niliyeajiriwa kumwogesha, kumlisha na kumgeuza kitandani, nikawa pia wa kumsomea.

Tulisoma karatasi za ukoo wake. Zilijaa masanduku manne chini ya dirisha la sebule, nyumbani kwake Maple Grove, hapa Amerika. Kwa miaka arobaini alikuwa amefuata kizazi kimoja baada ya kingine, akirudi nyuma hadi kwa mvulana Mwingereza aliyeitwa Edward Kellaway. Huyo alivuka bahari na wazazi wake mwaka 1635, akiwa na miaka tisa, wakaenda kuanza maisha mapya katika koloni la Massachusetts. Kuna chama cha watu waliotokana na walowezi wa mwanzo kama hao, na Bi Alice alitaka kupokelewa humo kabla ya kufa. Jiwe lake la kaburi lilikuwa tayari limechongwa, limebaki kuwekwa mwaka wa kufa tu. Chini ya jina lake walichonga: wa uzao wa Edward Kellaway, aliyevuka bahari akiwa mtoto.

Mwishoni mwa Januari barua ya chama ikaja. Nilimsomea nikiwa nimekaa kwenye kiti cha mbao karibu na mashine ya oksijeni.

"Rudia," alisema.

Nikarudia. Waliandika kwa adabu. Limepatikana daftari la mchungaji wa bandari ile walikoshukia akina Kellaway. Ndani yake imeandikwa kwamba katika baridi ya kwanza alizikwa Edward, mwana wa pekee wa William Kellaway, miaka tisa. Basi huyo Edward aliyepewa shamba na kuoa miaka ishirini baadaye alikuwa nani? Bila maelezo, maombi hayawezi kuendelea.

Bintiye, Susan, alisema kwa simu, "Karani alikosea, Mama. Watu wamekufa miaka mia nne, waache wapumzike."

"Mchungaji hakosei nani amemzika," Bi Alice alimjibu.

"Basi walizaa mwingine, wakampa jina lile lile."

"Kwenye orodha ya mji mpya, mwaka uliofuata, ameandikwa ana miaka kumi. Mtoto gani huzaliwa akiwa na miaka kumi, Susan?"

Kwa wiki mbili hakula vizuri. Kila siku alinitolesha karatasi zile zile tatu: orodha ya meli, daftari la mchungaji, orodha ya mji mpya. Mji huo ulikuwa mbali kidogo na bandari, juu ya mto, na watu walihamia huko majira ya kuchipua. Ardhi iligawiwa kwa hesabu ya watu wa kila nyumba, na mwana wa kiume alihesabiwa zaidi ya mtumishi.

Alhamisi moja mchana nilisoma orodha ya meli kwa mara ya kumi, labda. William Kellaway. Mkewe Joan. Mwanawe Edward, miaka tisa. Mtumishi mmoja, mvulana wa parokia, miaka kumi.

"Huyu mtumishi alikwenda wapi?" niliuliza.

"Nani?"

"Mvulana wa parokia. Kwenye mji mpya hayupo. Na mchungaji hakumzika."

"Yatima wa kanisa," alisema, akifumba macho. "Walikuwa wakiwapakia melini kama magunia. Hao hawahesabiwi, Vestine. Hao hawakuacha mtu."

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimenyamaza miaka kumi na tano, na kunyamaza kwangu kulikuwa na sababu. Mwaka huu serikali ya Amerika ilianza kuwaita wakimbizi upya na kufungua mafaili ya zamani. Kanisani kwetu, huku mtaani Phillips, familia mbili zilikwisha kuitwa. Jina moja kwenye faili likionekana la uongo, faili zima linaanguka. Kwenye faili letu yumo Mama Ernestine na figo zake zilizokufa, yumo Mugisho anayefanya kazi ghalani Shakopee na ana watoto wawili. Nilijua hayo yote. Lakini lile neno, kwamba hao hawakuacha mtu, lilinipata mahali nisipokuwa nimejikinga.

"Aliyekufa ni Edward," nilisema. "Aliyepewa shamba ni yule mtumishi."

Alifumbua macho. "Umejuaje?"

"Nimehesabu vichwa. Melini walikuwa wanne. Kaburi moja. Mji mpya wakawa watatu: baba, mama, mwana. Mtumishi hakufa na hakuondoka."

"Hiyo ni hesabu. Nimekuuliza umejuaje."

Nilizipanga na kuzipangua zile karatasi tatu, na najua hakuweza kuziona, lakini alizisikia.

"Vestine," alisema taratibu, kwa sauti ya mwalimu anayengoja. "Katika kaburi lako yumo nani?"

Nikamwambia.

Nilizaliwa Kivu ya Kusini. Wazazi wangu walipouawa, dada mkubwa wa mama yangu, Mama Ernestine, alinichukua nikae naye katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Nilikuwa na miaka tisa. Yeye na mumewe, Baba Birindwa, walikuwa na watoto wawili, Mugisho na Vestine. Vestine alikuwa na miaka minane. Alinipa nusu ya mkeka wake na akanifundisha wapi pa kuchota maji bila kupanga foleni. Faili lao la kwenda Amerika lilikuwa na watu wanne, na walikuwa wameingoja siku ya kuhojiwa kwa miaka kumi na mmoja. Mimi sikuwemo.

Siku ishirini kabla ya kuhojiwa, malaria ikapanda kichwani mwa Vestine, akafa siku ya pili. Kambini kila mtu alijua kwamba faili likibadilika hesabu linarudi chini kabisa ya rundo. Baba Birindwa hakwenda kuandikisha kifo. Alingoja mchana wa mvua kubwa, watu wakiwa wamejifungia, akamzika nyuma ya nyumba kwenye mihogo. Hakukuwa na kilio. Mama Ernestine aliuma kanga yake mpaka ikatoboka. Baba alitoa figa moja jikoni akaliweka pale juu, apajue mahali. Tangu siku hiyo tulipikia mafiga mawili na tofali.

Jioni ile ile aliniketisha mbele yake.

"Unaitwa nani?"

"Reine."

"Unaitwa nani?"

Alirudia hadi nikajibu Vestine. Ulizaliwa lini? Tarehe moja Januari. Baba yako ni nani? Wewe. Siku ishirini, asubuhi na jioni. Picha iliyokuwa kwenye faili ilikuwa ya mtoto wa miaka mitatu, na watoto wa miaka mitatu wanafanana. Majirani walijua wakanyamaza, maana kila nyumba ilikuwa na lake kwenye faili.

Nilipomaliza, Bi Alice akaniambia niende nyumbani mapema. Alikuwa na hasira, sijui na mimi au na nani. Nilimwacha na supu yake ikipoa, nikaendesha gari hadi Phillips nikiwa na hakika kwamba nimeiua familia yangu.

Asubuhi nilimkuta amekwisha kukaa kitandani.

"Mzaliwa wa kwanza wa Edward aliitwa Tobias," alisema kabla sijavua koti. "Kwa akina Kellaway hakuna Tobias. Kwa mke wake hakuna. Nimelitafuta jina hilo hadi Uingereza, miaka kumi na mitatu. Nimepata nini? Sifuri. Wewe unasemaje?"

"Mimi nikizaa binti," nilisema, "nitamwita Reine."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa jibu ambalo lilikuwa mezani kwake siku zote.

"Ndilo jina lako hilo?"

"Ndilo."

"Na yule mdogo ndiye Vestine wa kweli."

"Ndiye."

"Alikuwa mtoto wa namna gani?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilimwambia alikuwa na pengo mbele, na kwamba alikuwa mwongo sana, aliwahi kuniapia kwamba Amerika watu hawana magoti. Bi Alice alicheka hadi akakohoa, nikamwinua na kumpigapiga mgongo.

"Lako sitamwambia mtu," alisema pumzi ilipomrudia. "Langu lazima niliseme. Lete kalamu. Miaka arobaini nimehesabu vizazi, sikuhesabu vichwa. Ningempa mwanafunzi sifuri."

Akasema, nikaandika. Ulikuwa ukurasa mmoja tu, wa kuwekwa mbele ya kitabu cha ukoo, na nakala yake ipelekwe kwa chama, chama kifanye kipendavyo. Tena alitaka Susan ampigie mchonga mawe, maneno ya chini yafutwe. Angeutia sahihi Jumapili, Susan akiwepo, mtu asije akasema hakuwa na akili zake.

Siku mbili zile aliniita Reine. Tulipokuwa peke yetu nyumbani sikumkataza. Nikiwa natoa shuka kwenye mashine ya kufulia nilisikia, "Reine, chai hii ni ya jana?" nikahisi kama mtu ananiita kutoka ng'ambo ya mto. Nilipaswa kumkataza. Kosa lile ni langu, si lake.

Jumapili Susan alikuja na maua na mkate wa ndizi. Ni mtu mwema, naomba hilo lieleweke. Aliketi, akamshika mama yake mkono, wakazungumza juu ya theluji. Kisha Bi Alice akasema, bila kufikiri, "Reine, mletee Susan ule ukurasa."

Susan alinitazama, akamtazama mama yake. "Reine ni nani, Mama?"

Bi Alice alifunga mdomo. Niliona jinsi alivyojua, palepale, alichokifanya.

Nilileta ukurasa. Susan aliusoma mara mbili. "Mama, Tobias ni mtoto wa Edward. Hapa umesema ndiye Edward mwenyewe."

"Nimesema huenda."

"Nani amekuambia haya?"

"Nimehesabu."

"Wiki iliyopita ulikuwa ukinigombeza kwa ajili ya huyu Edward. Na Reine ndiye nani?"

Bi Alice angeweza kusema neno moja tu akajiokoa: ndiye huyu hapa, mwulize. Hakulisema. Alikaa na doa lake jeusi machoni, uso umenielekea mimi, akangoja.

Susan akageuka. "Vestine, ameanza lini kuwa hivi?"

Nilimwona Mama Ernestine kwenye kiti cha kusafishia damu. Nilimwona Mugisho na wanawe. Nikasema, "Tangu Alhamisi. Anachanganyikiwa, hasa mchana. Aliniambia niandike, nikaandika."

"Ungetuambia."

"Samahani."

Bi Alice aligeuza kichwa dirishani. "Sawa," alisema. Hilo tu.

Susan aliniomba niandike kwenye daftari la mgonjwa ili muuguzi alione. Nikaandika ule mstari.

Muuguzi alikuja Jumatatu. Ni Mkenya, anaitwa Nkirote, anawatembelea majumbani mwao wagonjwa walio katika siku zao za mwisho. Alizoea kunitania kila akifika.

"Mtangazaji wa redio, habari ya asubuhi," alisema akikung'uta theluji mlangoni. "Hebu nisomee taarifa kwa hicho Kiswahili chako cha kambini."

"Nzuri, dada."

Akafungua daftari, akaacha kucheka. "Aki, huyu? Mimi nilidhani huyu shosho atakufa akihesabu mipigo ya moyo wake mwenyewe. Ijumaa iliyopita aliniuliza Nairobi yai ni ngapi, akanibadilishia kwa dola."

Alivuta kiti, akamwuliza Bi Alice maswali yao ya kupima akili. Leo ni siku gani? Alijibu. Tuko mji gani? Alijibu. Toa saba kwenye mia, endelea. Alitoa saba saba hadi Nkirote akamzuia.

"Na huyu?" Nkirote alininyooshea kidole. "Huyu anaitwa nani?"

Mashine ya oksijeni ilipumua mara tatu, nne. Nilisimama na taulo mkononi. Bi Alice hakuwa mtu wa kusema uongo, na alikuwa ameniahidi.

"Sijui," alisema.

Nkirote alinitazama kwa huruma. "Pole. Mwambie, dada. Wakati mwingine wakisikia sauti wanakumbuka."

Nikasema kama nilivyofundishwa, "Vestine. Vestine Birindwa."

Bi Alice alifumba macho.

Jikoni Nkirote alinong'ona nami kando ya friji. "Hesabu anazo, lakini wewe uliyemwogesha miezi kumi na minne hakujui. Huanza hivyo. Na Susan anasema usiku hapumziki, analia. Nitampigia daktari tuongeze ile dawa ya kutuliza. Lakini wewe ndiye unakaa naye. Una uhakika amechanganyikiwa? Ni-drive nirudi kesho nimwangalie tena?"

Alinipa mlango. Ulikuwa wazi kabisa, na yeye mwenyewe ameushika.

"Nina uhakika," nilisema.

Matone ya dawa ile yanawekwa chini ya ulimi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiyaweka, kila baada ya saa sita, kisha kila baada ya saa nne. Jumanne bado aliniuliza saa. Jumatano aliniuliza kama supu ina karoti. Baada ya hapo hakuuliza kitu. Alikuwa na siku chache za akili safi zilizobaki, labda tano, labda kumi. Alikuwa amezipangia kazi, nami nikazimaliza kwa kidondoshi cha plastiki.

Alhamisi ndiyo siku ya taka mtaani kwao. Susan alikuwa ametoa maua yaliyonyauka na magazeti, na ule ukurasa aliukunja kwa upole, akauweka pamoja na magazeti kwenye pipa la karatasi. Nililivuta pipa lile hadi barabarani mimi mwenyewe, juu ya barafu. Ningeweza kuingiza mkono. Nilisimama pale, baridi ikanipenya kwenye glavu, nikawaza mtu akiukuta kwangu atauliza umetoka wapi. Lori likaja.

Bi Alice alikufa Jumamosi saa nne asubuhi. Ardhi ilikuwa imeganda, wakamhifadhi hadi Aprili. Siku ya kuzika nilisimama nyuma, karibu na magari. Jiwe lilikuwa limesimama tayari, kijivu, zuri. Bado limeandikwa: wa uzao wa Edward Kellaway, aliyevuka bahari akiwa mtoto. Susan alinikumbatia akasema nilikuwa kama wa nyumbani.

Nilimweleza Mama Ernestine yote jioni ile, kwa sababu nilishindwa kula. Alikuwa anamenya ndizi. Alisikiliza bila kuacha kisu.

"Ulimwambia mzungu ile dosie," alisema. Faili letu yeye huliita hivyo.

"Nilimwambia."

"Na hakusema."

"Hakusema."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, Mama."

Alimenya ndizi mbili nzima kabla ya kuuliza tena. "Kuhusu mtoto wangu, alikuuliza nini?"

"Aliuliza alikuwa mtoto wa namna gani."

Akaweka kisu chini. Alichukua ncha ya kanga akaiweka mdomoni, akaiuma, na mabega yake yakawa yanatikisika bila sauti, kama siku ile ya mvua. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Chini yetu wanaishi watu wasiojua Kiswahili wala habari zetu. Nilimwambia hapa anaweza kulia. Akatikisa kichwa kukataa.

Ukurasa ule sina. Nilikuwa nimeuandika mara moja, kwa kalamu ya wino wa bluu, naye alinirudishia kila sentensi kama imla, kwa hiyo ninayakumbuka maneno yake. Aliyasema akiwa na akili timamu, Ijumaa asubuhi, tarehe kumi na tatu Februari:

"Mimi Alice nilikosea hesabu. Edward Kellaway alikufa akiwa na miaka tisa, katika baridi ya kwanza, na hana uzao. Mvulana wa miaka kumi, mtumishi, yatima, alipewa jina lake ili nyumba ipate shamba. Alilibeba hadi kufa. Jina lake mwenyewe hakuna aliyeliandika. Huenda lilikuwa Tobias. Sisi ni watu wake. Atakayesoma kitabu hiki amtaje yeye kwanza, kisha amtaje na yule mtoto aliyebaki bandarini, maana naye hakuna aliyemlilia kwa jina."